Ufuta, Tiara na Chungu Kinachofurika

Mwulize Mhindu wa Dar es Salaam Diwali ni sikukuu ya nini, atakusimulia kisa cha Rama aliyerudi nyumbani kutoka uhamishoni, mji mzima ukamwashia taa. Mwulize Navaratri, atakwambia habari za mungu mama na lile jitu lenye umbo la nyati alilolichinja. Holi nayo ina mtoto wake aliyenusurika motoni. Kisha mwulize habari za Sankranti, inayoangukia 14 Januari na miaka mingine 15, uone atakavyosita. Atataja jua. Atataja ufuta. Kama ni Mgujarati atatazama juu na kuanza kukuhadithia tiara. Mtamili atakurekebisha kwamba hiyo inaitwa Pongal. Mpunjabi atakwambia umechelewa, Lohri ilikuwa jana usiku.

Mimi niliijua Sankranti kwa mdomo kabla sijaijua kwa akili. Nilikuwa mwanafunzi Pune, katika jimbo la Maharashtra nchini India, mji uliosomesha Watanzania na Wakenya wengi, na nilipanga chumba kwa familia moja ya Kimarathi. Tangu hapo nimeila sikukuu hiyo katika majimbo kadhaa, na nimefikia msimamo wangu: hii ni sikukuu ya ghala. Visa vya miungu vipo, lakini vimekuja kuketi juu ya magunia. Ukitaka kujua kwa nini jimbo hili linafanya hivi na lile vile, usianze na maandiko. Uliza kwanza nini kimevunwa.

Tumalize habari za angani kwanza. Kila jua linapovuka kutoka buruji moja, yaani kundi la nyota, kwenda nyingine, Wahindu huita sankranti, kwa hiyo kwa mwaka ziko 12. Hii ya Januari ndiyo kubwa: jua linaingia buruji ya Makara, ambayo wazee wetu wa falaki huiita Jadi. Jadi ni mbuzi. Makara ni mnyama wa majini, nusu mamba nusu samaki, anayempakia mgongoni Ganga, mungu wa kike wa mto ule mkubwa. Kuanzia hapo jua huhesabiwa kuwa limeanza safari ya kwenda kaskazini, Uttarayana, nusu ya mwaka yenye heri. Katika Mahabharata, utenzi mkubwa wa kale wa Kihindu, mzee Bhishma aliangushwa vitani akalala juu ya kitanda cha mishale. Alikuwa amejaliwa kuchagua saa ya kufa kwake, basi akavumilia maumivu mpaka jua lilipogeuka, ndipo akakata roho.

Sikukuu nyingi za Kihindu hufuata mwezi, na ndiyo maana Diwali hucheza kati ya Oktoba na Novemba. Sankranti hufuata jua. Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa sana hapa. Sisi tunafunga na kufungua kwa mwezi kuandama, lakini Makunduchi wanakoga mwaka kwa Nairuzi, mwaka wa jua wa siku 365, na wakulima na wavuvi wa zamani walihesabu miongo yao kutoka hapo. Ramadhani haikwambii lini upande mtama.

Ila kuna jambo la kuchekesha. Jua lenyewe hugeuka kuelekea kaskazini tarehe 21 au 22 Desemba, si Januari. Sankranti inachelewa wiki tatu na zaidi kwa sababu falaki ya Kihindu hulipima jua kwa nyota, na mhimili wa dunia unayumba polepole, hivyo nyota na majira vinaachana kwa takriban siku moja kila miaka sabini na kidogo. Miaka kama 1700 iliyopita vilikuwa pamoja. Wajuzi wa falaki hubishana sana juu ya kosa hilo, wengine wakitaka kalenda irekebishwe. Mkulima hana habari nao. Januari miwa imekomaa, mpunga umeshavunwa, ufuta uko ndani na karanga ziko ndani. Ukiirudisha sikukuu Desemba utaipatia anga haki yake na kumnyima mtu chakula chake.

Pune basi. Asubuhi ya Sankranti, mtu wa kwanza kukutana naye, awe jirani, mwalimu au mlinzi wa lango, anakuwekea mkononi kitonge cha ufuta na sukari guru na kukwambia: *Tilgul ghya, god god bola*. Chukua ufuta na sukari guru, useme maneno matamu. Nawe unarudisha. Maana yake ni kwamba ugomvi wa mwaka uliopita umekwisha, au angalau tunajifanya umekwisha. Katika nyumba niliyokaa, mama mwenye nyumba alikuwa hasemezani na jirani wa ghorofa ya pili kwa habari ya maji ya tangi. Siku hiyo alipanda ngazi na sahani yake, akagonga, wakapeana ufuta, wakacheka kidogo. Maji yaliendelea kugombewa Februari.

Kisa kinachosimuliwa huko kinaendana na desturi hiyo. Makara ni nyumba ya Shani, yaani Zohali, na Shani ni mwana wa Jua. Baba na mwana hawapatani hata kidogo, lakini mara moja kwa mwaka baba huenda kumtembelea mwanawe nyumbani kwake. Na ufuta mweusi ni kitu cha Shani.

Wanawake wa Maharashtra siku hiyo huvaa nyeusi, na kwa anayewajua Wahindu hilo ni jambo la kustaajabisha, maana rangi nyeusi haikaribishwi kwenye sherehe zao nyingine. Sababu utakayopewa ni baridi: Januari ya Pune usiku hukufanya utafute blanketi la pili, na nguo nyeusi hushika joto. Ufuta nao wanauhesabu kuwa chakula cha moto, cha kuupa mwili mafuta. Siku moja kabla, iitwayo Bhogi, hupikwa mchuzi mzito wa mboga za msimu zote pamoja, ukaliwa na mkate wa uwele ulionyunyiziwa ufuta. Siku yenyewe ni zamu ya *gulachi poli*, chapati nyembamba iliyojazwa sukari guru na ufuta, inayoliwa na samli. Bibi harusi wa mwaka huo huvishwa mapambo meupe kichwani, shingoni na mikononi. Ukisogea karibu unaona si lulu. Ni punje za ufuta zilizozungushiwa sukari, moja moja, juu ya moto mdogo, kazi ya siku nyingi. Watoto wadogo nao wana lao, *bornahan*: mtoto huketishwa katikati ya sebule na kumwagiwa kichwani kunazi, bisi za mchele, vipande vya muwa na pipi, huku watoto wengine wakigombania vinavyodondoka. Kunazi! Tunda ambalo kwetu mtoto huliokota chini ya mti akitoka madrasa, kule linamwagwa kwa heshima kama mchele wa harusi.

Kwa majuma kadhaa baadaye wanawake huitana majumbani kwa *haldi-kunku*. Mgeni hupakwa manjano na unga mwekundu kwenye paji la uso, hupewa tilgul na zawadi ndogo ya kutumia nyumbani, kijiko, bakuli, kitambaa. Nilizipenda sana shughuli hizo mpaka nilipoanza kuangalia nani hayupo. Bibi wa nyumba yetu, mama yake baba mwenye nyumba, ndiye aliyekuwa akiviringisha ladu zote, vile vitonge vya ufuta, vidole vyake vikistahimili moto kuliko vya mtu mwingine yeyote. Wageni walipofika alikuwa jikoni. Walipoondoka alikuwa bado jikoni. Alikuwa mjane, na haldi-kunku ni ya wanawake wenye waume, pamoja na wasichana kama mimi ambao bado wanatarajiwa kuwapata. Hakuna aliyemfukuza sebuleni. Alijua tu. Mwezi Mei 2022 kijiji kimoja cha wilaya ya Kolhapur, Herwad, kilipitisha azimio la kuachana na mila zinazomtenga mjane: kuvunjwa bangili, kufutwa alama ya paji, kuvuliwa mkufu wa ndoa. Serikali ya jimbo ikavitaka vijiji vingine viige. Siku hizi wako wanawake wanaoandaa haldi-kunku ya kila mtu, na wako wanaoona hilo ni kuharibu sikukuu. Mimi naona anayeviringisha ladu anastahili kuketi na wanaozila.

Ukipanda treni ya usiku kutoka Pune ukaamka Ahmedabad, Gujarat, umefika katika sikukuu nyingine kabisa. Huko haiitwi Sankranti, inaitwa Uttarayan, na inafanyika juu ya mapaa. Mji wa kale wa Ahmedabad umegawanyika katika *pol*, vitongoji vya vichochoro na nyumba zilizobanana ukuta kwa ukuta, kiasi kwamba mapaa yake yanakaribia kuwa baraza moja refu. Tarehe 14 kabla jua halijawa kali, mtaa mzima umehamia huko juu na mikeka, spika, miwa na watoto. Wasio na paa hukodi, na bei ya paa zuri katika mji wa kale si ya kuchekea. Siku ya pili, *Vasi Uttarayan*, yaani Uttarayan iliyolala, ni mapumziko pia, ili asiyetosheka amalize hamu.

Tiara ya Gujarat si ile ya mwanangu ya mfuko wa plastiki na vijiti vya makuti. Ni karatasi nyembamba ya pembe nne na vijiti viwili vya mwanzi, haina mkia, na kwa kuwa haina mkia inageuka upesi kama samaki. Inarushwa ili ipigane. Uzi wake, *manjha*, hupakwa ujiujiu wa wali uliochanganywa na rangi na chupa iliyosagwa. Majuma kabla ya sikukuu, mafundi wengi kutoka Uttar Pradesh huweka kambi kando ya barabara za Ahmedabad, wakivuta nyuzi ndefu kati ya miti na kuzipaka kwa mikono iliyofungwa vitambaa, na barabara nzima inakuwa ya waridi. Wanaoziunda tiara, hasa mtaa wa Jamalpur, ni familia za Kiislamu kwa sehemu kubwa, wanawake wakikata na kubandika nyumbani mwaka mzima. Nalisema hili kwa makusudi, kwa sababu Ahmedabad ni mji wenye makovu ya ugomvi wa dini. Siku inayoujaza uwanja wake wa juu inategemea mikono ya majirani hao.

Sheria ya mchezo ni fupi: kata uzi wa mwenzako. Kuna wanaokata kwa kuvuta kwa ghafla na wanaokata kwa kulegeza, kuuachia uzi uteleze juu ya uzi wa adui mpaka ukatike, na mashabiki wa njia hizi mbili hawaelewani. Nyuma ya mrushaji husimama mshika *firki*, gurudumu la uzi, kazi aliyopewa mgeni kama mimi. Tiara inapokatika, paa lililoshinda hulipuka: *Kai po che!* Yaani, imekatika! Mabati hupigwa, mbiu hupulizwa. Ile iliyokatika huelea, na vijana huifukuza vichochoroni wakiwa na fito ndefu zenye matawi ya miiba. Usiku hurushwa tiara nyeupe zenye taa za karatasi zilizofungwa kwenye uzi wake.

Chakula cha siku ni *undhiyu*, na hapa ghala linasema tena. Ni mboga za kusini mwa Gujarat zinazopatikana majira ya baridi: maharage mabichi ya maganda, biringanya changa, viazi vikuu vya zambarau, ndizi na vidonge vya unga wa dengu na uwatu. Kienyeji hutiwa kwenye chungu cha udongo, chungu kikapinduliwa shimoni, na moto ukawashwa juu yake. Huliwa na jalebi, utamu na mafuta kwenye sahani moja, na baada ya hapo mtu hulala chali kivulini akitazama tiara za wengine.

Sasa upande wa pili, ambao Wagujarati wenyewe huuzungumza waziwazi. Uzi unaokata uzi unakata pia bawa na shingo. Ndege hurudi viotani alfajiri na jioni, saa zilezile anga ilipojaa nyuzi, na kila mwaka wanaokotwa njiwa, mwewe na hata tai walio hatarini kutoweka. Tangu 2017 serikali ya jimbo huendesha kampeni ya kuwaokoa, Karuna Abhiyan, yenye vituo vya matibabu na wataalamu wa mifugo wakishirikiana na watu wa kujitolea. Waendesha pikipiki hufunga fimbo ya chuma iliyopinda mbele ya usukani ili imkinge mtu koo. Mwaka huohuo wa 2017 mahakama ya mazingira ya India ilipiga marufuku manjha ya nailoni na ya sintetiki, ambayo mitaani huitwa ya Kichina hata kama imetengenezwa India. Bado huuzwa kwa kificho. Nilipomshika mwenyeji wangu kwa swali hilo alinijibu kwamba uzi wa pamba hukatika unapokutana na koo, wa nailoni haukatiki. Jibu hilo halikunituliza. Niliendelea kushika firki hata hivyo, na nikafurahi.

Kusini, Tamil Nadu, hakuna tiara ya kukumbukwa. Kuna mchele. Pongal ni siku nne, na moyo wake ni chungu. Siku ya kwanza, Bhogi kama kule Pune, lakini hapa vitu vikuukuu vya nyumbani hutolewa nje alfajiri na kuchomwa, na Chennai huamka imefunikwa moshi, maana siku hizi vikuukuu ni pamoja na matairi na plastiki. Siku ya pili ndiyo yenyewe, ya kwanza ya mwezi wa Thai. Uani, mbele ya jua linapochomoza, mchele mpya hupikwa kwa maziwa na sukari guru katika chungu kilichofungwa shingoni mche wa bizari ya manjano wenye majani yake. Kwingine kote duniani maziwa yakifurika mpishi hukimbia na kitambaa. Hapa familia nzima imezunguka jiko ikisubiri yafurike, na yanapomwagika kila mtu hupaza sauti: *Pongalo Pongal!* Watamili husema Thai ikizaliwa, njia nayo itazaliwa, na ndoa nyingi hupangwa baada ya hapo, wakati mkulima ana kitu mfukoni.

Siku ya tatu ni ya ng'ombe, waliolima. Huogeshwa, pembe zao hupakwa rangi, huvishwa maua na kulishwa pongal, wali ule wa chunguni. Ndipo unapofika ugomvi mkubwa wa jimbo hilo, *jallikattu*. Fahali hufunguliwa katika uchochoro mwembamba katikati ya vijana, na kijana anayeweza kung'ang'ania nundu yake mpaka masafa fulani hushinda. Alanganallur, karibu na Madurai, ndiko penye jina. Anayejua mchezo wa ng'ombe wa Pemba ataelewa ile hamu na ile hofu, ingawa Madurai watu hufa karibu kila msimu. Mahakama ya Juu ya India iliupiga marufuku Mei 2014. Januari 2017 vijana kwa maelfu walijaa ufuoni Marina, Chennai, wakalala hapo siku na siku mpaka serikali ya jimbo ikabadili sheria, na Mei 2023 mahakama ileile iliikubali sheria hiyo. Watetezi wanasema bila mchezo hakuna atakayefuga madume ya mbegu ya kienyeji. Wapinzani wanaonyesha fahali aliyeng'atwa mkia. Wote wana ushahidi.

Majimbo mengine nayapitia mbio. Punjab, kwa Lohri yao, huwasha moto mkubwa usiku wa 13, hutupa humo ufuta, karanga na bisi, na kuimba habari za Dulla Bhatti, jambazi mwema wa zama za mfalme Akbar aliyewaozesha mabinti wa maskini. Bihar hula mtindi na pepeta, ndiyo, pepeta kama ya Pemba, kwa sukari guru, na wanasiasa wa Patna huualika umma kwenye karamu hizo ili ionekane nani ameketi na nani. Uttar Pradesh huiita siku hiyo Khichdi, kwa jina la mchele uliopikwa na dengu. Bengal wana sukari guru ya mtende, inayopatikana majira ya baridi tu, na mikate myembamba iliyojazwa nazi. Huko ndiko mahujaji huvuka kwenda kisiwa cha Sagar, Ganga inapomwagika baharini, kuoga kwenye maji ya baridi. Assam huijenga sikukuu kwa makapi ya shamba: vijana hujenga vibanda vya nyasi na mianzi, hula humo usiku kucha, na alfajiri huwasha moto wa sherehe na kuviteketeza. Aliyeona banda la makuti likiwaka Makunduchi atajua yuko wapi.

Kerala imenisumbua kidogo. Huko jioni ya siku hiyo mahujaji wa hekalu la Sabarimala hungoja mwanga unaotokea mara tatu juu ya kilima ng'ambo ya hekalu. Wasimamizi wa mahekalu wenyewe walikwishakiri kwamba moto huo huwashwa na watu. Watu wanaendelea kuja. Januari 2011 zaidi ya mia moja walikufa katika mkanyagano wakitoka kuutazama. Hapo ghala halina neno, na nadharia yangu inagota.

Kwa aliyeko Dar au Mombasa anayetaka kuionja, hakuna sababu ya kukata tiketi. Ufuta wa Lindi na Mtwara unauzwa mpaka India, na sokoni kwetu haukosekani. Kaanga vikombe viwili bila mafuta, kwa moto mdogo, mpaka uanze kurukaruka na kunukia. Uepue. Kaanga karanga nusu kikombe, zimenye, zitwange kidogo tu. Yeyusha kikombe na nusu cha sukari guru kwa kijiko cha samli, ukikoroga bila kuacha, kisha dondosha tone kwenye maji baridi: likishikamana kuwa kidonge laini, tayari. Mimina ufuta, karanga na iliki, changanya upesi, jipake samli viganjani na uviringishe ikiwa bado inaunguza. Hapo usijibu simu. Mchanganyiko ukipoa haukubali tena kuwa ladu. Utandaze kwenye sinia, ukate vipande, uwaambie wageni ulikusudia kashata. Wagujarati nao wanayo hiyo, wanaiita chikki, na wanaitafuna siku ileile juu ya mapaa yao.